Gari Jekundu la Mama Oi

Msichana wa duka la magari alimkabidhi Bunlue ufunguo. Ulikuwa ufunguo wa kadibodi, mrefu kama mkono wa mtu mzima, umefungwa utepe wa dhahabu. Bunlue aliupokea kwa mikono miwili, akasimama mbele ya gari, akavuta tumbo ndani tayari kwa picha.

"Baba, tabasamu basi! Gari jipya hilo!" alisema msichana.

Bunlue akatabasamu. Hapo ndipo Oi, binti yake, alipomsogelea yule msichana na kumnong'oneza, maana Oi hakuwa mtu wa kusema kwa sauti. "Samahani, dada. Gari ni la mama."

"La nani?"

"La mama."

Wafanyakazi wote waligeuka kumtazama Lamduan, mama yake Oi. Walimwona mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, mnene, aliyevaa kandambili na kubeba harufu ya tui la nazi isiyotoka hata kwa sabuni. Kisha wakalitazama gari, la buluu iliyokolea, limeinama mbele kama paka anayetaka kuruka, lina mabomba mawili ya moshi na bawa dogo nyuma. Kijana mmoja wa pale alicheka kabla hajajizuia. Msichana akamwashiria Bunlue asogee pembeni kidogo, asogee tena kidogo, mpaka mzee akawa nusu yupo kwenye picha na nusu hayupo. Bunlue akampa mkewe ule ufunguo kama mtu anayerudisha mtoto wa watu aliyembeba kwa makosa.

"Baba yeye atakaa hapa," msichana alisema kwa furaha, akifungua mlango wa kushoto. "Kiti cha pembeni. Kinapashwa joto hata mgongoni!"

"Mimi nimekuja na pikapu yangu," alisema Bunlue.

Na kweli alirudi na pikapu yake, ile aliyoiendesha miaka thelathini, akimfuata mkewe kwa nyuma. Alimpoteza kwenye taa za pili.

*

Mtaa wake mzima mjini Phetchaburi ulimjua Lamduan kwa kastadi yake ya mayai na sukari ya mitende, ile inayookwa katika sinia mpaka juu ikawa kahawia. Sasa ulimjua kwa gari. Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, alikuwa analiogesha gari. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na vitambaa vyake alivianika mbali na nguo za nyumbani. Mtu akitaka kuingia alivua viatu kwanza, akaviacha chini, akapanda pekupeku kama anayeingia sebuleni. Kula ndani ya gari kulikatazwa, hata kastadi yake mwenyewe.

Akirudi kutoka sokoni hakuzima injini hapo hapo. Alikaa ndani ameshika usukani, injini ikinguruma taratibu.

"Inasali?" aliuliza Kimlang, jirani yake, ambaye naye aliuza kastadi, na kila siku walibishana ya nani ni laini zaidi.

"Tabo imepata moto, ile inayoipa injini nguvu. Inapumua kwanza."

"Imepata moto wapi, shoga, na wewe unaendesha kama umebeba mayai ya watu? Juzi nimekupita na baiskeli!"

"Kilomita elfu moja za mwanzo halikanyagwi. Injini bado inajizoeza."

"Haya mwenzangu. Umefuga chui, unamlisha mchicha."

Lamduan alicheka mpaka akaegemea boneti, kisha akajiondoa haraka akafuta alama ya kiwiko chake. Alikuwa anacheka sana siku hizo. Alicheka akiwa peke yake kwenye taa nyekundu. Vijana wenye pikipiki walipopunguza mwendo ili wamwone dereva, wakamkuta yeye, aliwapungia mkono, na nyuso zao zilimfurahisha mpaka jioni.

Aliyekuwa hacheki ni Bunlue. Mara ya kwanza alisema kiti ni cha chini mno, magoti yake hayakubali. Mara ya pili alisema kwa pesa zile wangepata pikapu mpya yenye milango minne na wangebaki na chenji ya kuezeka upya paa la jikoni. Mara ya tatu alileta jambo zito.

"Wewe umezaliwa Jumapili, Mama Oi. Buluu ni rangi ya mkosi kwa mtu wa Jumapili. Kila mtoto anajua."

Lamduan alilifikiria hilo usiku mmoja. Kesho yake alikwenda dukani akarudi na kibandiko cheupe chenye maandishi makubwa, akakibandika kwenye kioo cha nyuma, akakipigapiga kwa kadi ya benki ili kisibaki na mapovu. Kibandiko kilisema: GARI HILI NI JEKUNDU.

Bunlue alikisoma. Akazunguka gari zima, akarudi, akakisoma tena. "Sasa hapa unamdanganya nani?"

"Simdanganyi mtu. Watu wote wanafanya. Yule daktari wa meno ana gari jeusi limeandikwa ni la waridi."

"Nakuuliza, nani atakayesoma hapo aamini?"

"Nyota, Baba Oi. Wewe ndiye uliyesema nyota zinaangalia."

Kimlang, aliyekuwa anasikiliza juu ya ukuta, alipiga kelele ya kicheko. Huenda kama asingecheka, mambo yangeishia hapo. Lakini Bunlue aliingia ndani, akatoka na mkeka uliokunjwa, mto, na mfuko wa plastiki wenye mswaki. Alisema kwa sauti ya kumfikia kila jirani kwamba nyumba hii imekosa utulivu, kwamba yeye anahamia hekaluni, na kwamba mvua zikianza huenda akanyoa kichwa akawa mtawa moja kwa moja. Akapanda pikapu yake. Pikapu ikakataa kuwaka. Akaijaribu mara kadhaa, jasho likimtoka, huku watu wakitazama.

"Nikupeleke?" aliuliza Lamduan kwa upole wa kweli.

"Siku nitakayokaa kwenye kile kiti chako," Bunlue alisema, "ujue nimeshakufa na unanipeleka kuchomwa." Akaondoka kwa miguu, mkeka begani.

*

Siku zilipita. Habari za Bunlue zilikuja kwa wapita njia, kwamba anafagia majani, analala kwenye ukumbi wa maombi pamoja na mbwa, anapika chai mbaya. Lamduan alimpelekea dawa yake ya presha kwa mkono wa Oi, na kila asubuhi kipande cha kastadi. Sahani ilirudi tupu, imeoshwa.

Asubuhi ya siku ya kupeleka gari hekaluni likabarikiwe, mama na binti walikuwa wanakausha rimu. Oi alifuta upande wake, kisha akauliza, "Mama, kwani ulilinunua kwa nini hasa?"

Lamduan alikaa juu ya visigino vyake. "Miaka yote baba yako amenipeleka mimi na masinia. Sokoni na masinia, harusini na masinia. Kiti changu kilikuwa kile cha pembeni, na juu ya mapaja yangu sinia la moto. Nilikuwa naona barabara inavyokuja, nasema moyoni, siku moja nitampeleka mimi. Bila sinia. Nimpeleke mbio, yeye amekaa tu, ananyoosha miguu." Alikunja kitambaa kwa uangalifu. "Sikufikiri kwamba hatataka."

"Atarudi, mama."

"Leo likishabarikiwa, kama bado hataki kupanda, nitaliuza."

"Mama!"

"Gari la kuendesha peke yangu nalifanyia nini? Naonekana kichaa. Futa hapo, umeacha maji."

*

Luang Pho, mkuu wa hekalu, alikuwa mzee mwembamba mwenye masikio makubwa. Alikuwa amebariki trekta, boti, mashine za kuvunia mpunga na jenereta moja, lakini gari la namna hii hakuwahi. Alilizunguka akiwa ameweka mikono nyuma. Alisoma kibandiko. Akatazama rangi. Akasoma tena.

"Mimi ni mzee," alisema. "Siku hizi macho yangu siyaamini sana."

Nyuma yake alisimama Bunlue, ameshika bakuli la maji ya baraka. Ndiye aliyekuwa mtumishi wa zamu siku hiyo, na hakuwa na pa kukimbilia. Alitazama ndani ya bakuli kama kuna samaki.

"Habari za huku, Baba Oi," alisema Lamduan.

"Za huku ni za utulivu."

"Umekonda."

"Sijakonda."

"Bakuli," alisema Luang Pho, na Bunlue akasogea.

Maji yalinyunyizwa kwenye boneti, na Lamduan alishika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto ili usikimbilie kufuta matone. Shada la maua ya manjano na riboni za rangi tatu vilifungwa mbele. Kisha mzee alivua ndala, akaingia kwenye kiti cha dereva na kikombe cha unga uliokorogwa, akainua kidole chake kuelekea dari ili apige alama za baraka.

"Luang Pho, samahani," Lamduan alisema. Alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, viganja vimebanwa kifuani. "Nimeweka plastiki hapo juu. Kama inawezekana, alama zikae kwenye plastiki. Kile kitambaa cha dari hakitoki doa."

Kidole kilisimama hewani. "Mama, unataka baraka au unataka dari safi?"

"Vyote viwili, Luang Pho."

Bunlue alikohoa ndani ya bakuli. Oi aliyemtazama kwa pembeni aliapa baadaye kwamba kile hakikuwa kikohozi.

Alama zilipigwa kwenye plastiki. Luang Pho alikuwa bado ameshika usukani, bila haraka ya kutoka, akiuliza kitufe hiki cha nini na hiki je, wakati simu ya Lamduan ilipolia. Ilikuwa sauti ya Kimlang, na haikuhitaji spika.

"Lamduan! Luang Pho bado yuko kwako?"

"Ndiyo tunamaliza—"

"Wako wanane! Nina watawa wanane sebuleni, Lamduan! Wanane ni wa msiba! Nimejenga nyumba mpya, au nimejenga jeneza? Mama mkwe wangu ameshaanza kulia!"

Siku ile ile Kimlang alikuwa anabariki nyumba yake mpya, aliyoijenga shambani kwao, mbali ya mji. Watawa walipaswa kuwa tisa. Wanane walitangulia kwa basi dogo la hekalu, na Luang Pho aliahidi kuwafuata kwa gari la pili akishamaliza la Lamduan. Kila mtu pale alitazama upande wa gari la pili. Dereva wake alikuwa amefungua boneti na kuinamia ndani mpaka kiuno.

"Linakuja?" aliuliza Luang Pho.

"Haliji," ilijibu miguu ya dereva.

"Na chakula kiko mezani!" simu ililia. "Saa sita ikipita hawali tena, na nimepika tangu jana! Bata saba, Lamduan! Nitawalisha nani bata saba? Lete huyo chui wako!"

Gari lilikuwepo, la buluu, limebarikiwa, maji bado yanametameta juu yake. Lakini mwanamke hampandishi mtawa peke yake. Lazima awepo mwanamume ndani. Oi alimtazama dereva wa hekalu, na dereva akaonyesha mikono yake miwili, myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko. Lamduan alivitazama viti vyake, akafumba macho.

Hapo wote wakamtazama Bunlue.

"Mimi nina bakuli," alisema Bunlue.

Oi alilichukua bakuli kutoka mikononi mwake.

"Basi nitakaa nyuma," alisema Bunlue.

"Nyuma nakaa mimi," alisema Luang Pho, ambaye alikuwa ameshatoka kwenye usukani na sasa alikuwa anakunja miguu yake mirefu ndani ya kile kiti cha nyuma kinachotosha kikapu. "Mama akiendesha, mtawa hawezi kukaa kando yake. Unajua hilo vizuri, umeishi hapa wiki mbili."

Bunlue alisimama mbele ya mlango wa kushoto. Alivua viatu, maana hata kwa hasira yake alikumbuka. Akashuka, akashuka tena, akashangaa bado anashuka, mpaka makalio yakafika kwenye kiti na magoti yakawa sawa na kidevu. Mlango ulifungwa kwa sauti ya chini, nene, ya bei ghali.

Lamduan aliwasha injini haraka. Aliogopa kwamba akisema neno ataimba.

*

Barabara fupi inapita chini ya mlima wa nyani, na kwa ajili hiyo Lamduan hakuwahi kuipita. Nyani wa pale hung'oa mipira ya waipa na kutafuna antena. Leo hakukuwa na barabara nyingine. Alikuwa amefika katikati ya mteremko nyani dume mkubwa alipoketi juu ya boneti, akalivuta shada la maua na kuanza kulila, akiwatazama kwa utulivu kupitia kioo.

"Kucha zake!" alisema Lamduan kwa sauti ya mtu aliyechomwa. "Baba Oi, kucha zake!"

"Piga honi."

"Nina mtawa nyuma, nipige honi?"

"Piga honi, mama," ilisema sauti kutoka nyuma. "Huyo namjua. Mwaka jana alikula miwani yangu."

Honi ililia. Nyani hakuondoka. Bunlue aliteremsha kioo, akatoa mkono, kisha kichwa, kisha nusu ya mwili, akamrushia nyani maneno ambayo mtu anayetafuta utulivu hapaswi kuyajua. Nyani alimtazama kama anayemtathmini, akachukua riboni moja, akaondoka nayo.

"Samahani, Luang Pho," alisema Bunlue akiketi.

"Sikusikia kitu. Nilikuwa nasali."

Baada ya mlima barabara ilinyooka kati ya mashamba ya mpunga na mitende. Ilikuwa tupu. Lamduan aliendesha kwa mwendo ule ule, mshale wa mizunguko ya injini ukiwa chini kwa adabu. Pikapu ya nguruwe ikawapita. Nguruwe wakawatazama.

"Mama," aliuliza Luang Pho, "hii tabo, ndiyo imeshaanza?"

"Bado, Luang Pho. Inataka kukanyagwa ndiyo iamke. Na kilomita elfu hazijatimia."

"Zimebaki nyingi?"

"Mia na kitu."

"Mh," alisema Luang Pho, akatazama jua.

Simu ililia. Hakuna aliyeipokea, kila mmoja alijua inasema nini. Lamduan alibana usukani. Alifikiria zile ndoo mbili, vitambaa, subira yote ile. Alifikiria bata saba na Kimlang katikati yao. Pembeni yake Bunlue alikuwa anahema kwa pua. Wiki mbili zote alikuwa amejiambia kwamba gari lile ni la kipuuzi, na sasa nguruwe walikuwa wamelicheka, na aliona kwamba hawezi kuvumilia.

"Kanyaga, Mama Oi," alisema.

"Nini?"

"Umenisikia. Kanyaga."

"Injini bado inajizoeza!"

"Itamalizia kujizoeza mbele ya safari. Kanyaga, wale nguruwe wanatucheka!"

Lamduan alikanyaga.

Kwanza hakikutokea kitu. Gari lilikuwa kama limevuta pumzi. Kisha kitu fulani mbele yao kiliamka, kikapiga mluzi mwembamba uliopanda na kupanda, na wote watatu wakasukumwa nyuma kama wameegemezwa na mkono mkubwa. Mitende ikaacha kuwa mitende, ikawa ukuta. Nyuma, Luang Pho alianza kusali, na sala yake iliongeza mwendo pamoja na gari. Pikapu ya nguruwe ilitokea mbele, ikawa kando, ikawa haipo. Lamduan alipoinua mguu gari likatoa *pshhh*, kama mtu aliyefungua soda, na kutoka kiti cha pembeni kikatoka kicheko chembamba, cha ajabu, kama cha mtoto anayerushwa juu na kudakwa.

Lamduan hakugeuka kutazama, kwa kuogopa kukikatisha. Ndoa yao ilikuwa na umri mkubwa kuliko Oi, na hakuwahi kukisikia kicheko hicho.

"Ile sauti," alisema Bunlue akifuta macho. "Ile ya soda. Inatoka tena?"

"Nikikanyaga tena."

"Haya, kona hiyo ikiisha."

"Kona ikiisha," alikubali Luang Pho.

*

Nyumba ya Kimlang ilikuwa ng'ambo ya mfereji, na juu ya mfereji kulikuwa na kivuko cha udongo kilichopanda kama mgongo wa ng'ombe. Lamduan alifunga breki. Ng'ambo watu walikuwa wamesimama barazani wanapunga mikono, na Kimlang mbele yao na mwiko.

"Halipiti," alisema Lamduan. "Tumbo litagusa. Luang Pho itabidi atembee."

"Tumbo litagusa ukienda moja kwa moja," alisema Bunlue. Alikuwa ameshafungua mlango. Alishuka pekupeku kwenye tope, na hapo ndipo wote walipokumbuka kwamba viatu vya abiria wote, pamoja na ndala za Luang Pho, vimepangwa vizuri uani hekaluni, vinalindwa na Oi. Bunlue hakujali. Alilala kifudifudi, shavu kwenye udongo, akachungulia chini ya bampa.

"Kata kulia. Zaidi. Njoo kwa upande, kama kaa. Polepole! Hapo kuna vidole viwili. Njoo. Kidole kimoja. Simama! Rudisha unywele mmoja. Sasa njoo, njoo, njoo..."

Gari lilipanda kivuko kiupandeupande, likatulia juu, likateremka bila kugusa hata jani. Barazani watu walipiga makofi. Bunlue aliinuka, nusu ya uso ikiwa ya tope, akapangusa rimu ya mbele kwa ncha ya shati lake jeupe la hekaluni.

Luang Pho alitolewa kwenye kiti cha nyuma kwa awamu. Alipanda ngazi, akaketi mahali pake, na watawa wakawa tisa. Mama mkwe akaacha kulia. Chakula kilipoanza kuliwa Kimlang aliitazama saa ya ukutani, akaketi sakafuni pale pale na kusema hana miguu tena.

Baadaye alimfuata Lamduan nje, akalitazama gari. Halikuwa na shada, lilikuwa na riboni mbili badala ya tatu, na kwenye boneti alama ya nyayo za nyani.

"Sasa hili," alisema Kimlang, "ndilo limefanana na wewe."

"Nyamaza, shoga. Nipe kitambaa."

*

Basi dogo la hekalu liliwashwa kuwarudisha watawa. Safari hii kulikuwa na nafasi, mtawa mmoja mwembamba alikuwa amejisogeza. Luang Pho aliingia, akapanga mavazi yake, na kiti kando ya dereva kikabaki kitupu. Kilikuwa kiti cha juu, kipana, cha mtumishi wa hekalu. Mkeka wa Bunlue na mto wake na mswaki vilikuwa huko liendako basi lile.

"Mzee Bunlue, twende!" aliita dereva.

Lamduan alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Rimu ile ilikuwa safi, aliifuta hivyo hivyo. Alisikia mlango wa basi ukingoja. Akasema moyoni kwamba amekwisha kumpeleka mara moja, mbio, na kumsikia akicheka, na kwamba watu wengine hawapati hata hilo. Kesho ataandika tangazo la kuuza. Alifuta.

Miguu miwili yenye tope kavu ikasimama kando yake.

"Limekanyagwa kabla ya wakati," alisema Bunlue kutoka juu.

"Ulisema nikanyage."

"Ndiyo maana nasema. Gari likishakanyagwa mapema lazima awepo mtu ndani wa kusikiliza injini. Dereva hawezi kusikiliza, ana barabara."

"Ni kweli," alisema Lamduan, bila kuinua uso.

"Kila safari. Mpaka lizoee."

"Litachukua muda kuzoea."

"Magari ya namna hii huchukua muda sana."

Bunlue alimpungia mkono dereva wa basi aende zake. Basi likapita kivukoni, na kwenye dirisha la nyuma Luang Pho alionekana amegeuka kulitazama gari mpaka kona. Bunlue alitafuta maji kwenye mtungi wa Kimlang, akanawa miguu, akaikausha mmoja mmoja kwa kitambaa ambacho Lamduan hakuwahi kumruhusu mtu mwingine kukigusa. Akaingia. Akapapasa chini ya kiti mpaka akaipata nyenzo, akakisukuma nyuma, akanyoosha miguu.

Lamduan aliingia upande wake. Akawasha injini, akaiacha ingurume kidogo. Nyumbani kulikuwa kushoto.

"Ukikata kulia," alisema Bunlue, akitazama mbele, "kuna ile njia ya mashamba ya chumvi. Imenyooka mpaka baharini."

"Huko si mbali?"

"Mbali sana."

Lamduan aliwasha taa ya kulia.

"Funga mkanda, Baba Oi."

"Nimeshafunga," alisema, na kweli alikuwa ameshafunga.